Njugu, Lozi na Mama Mkwe Asiyekula

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla hajausema mtu mwengine: nilimwekea mama mkwe wangu sahani ya njugu mawe kavu, hazijaona maji wala moto, na mama mkwe wangu ana meno manne. Mawili ya juu, mawili ya chini, na hayakutani.

Sikufanya kwa ubaya. Nilizikuta kwenye duka moja la hapa Uarabuni tunapoishi, linalouza vitu vya Afrika, nyeupe na nyekundu na nyengine za madoadoa, nzuri kama shanga, nikajiambia mtu wa bara huyu akiziona atalia kwa furaha. Kwetu sisi watu wa Unguja njugu mawe nilizijua zikiwa tayari bakulini, zimelala kwenye tui la nazi. Zilivyofika humo bakulini halikuwa jambo langu. Basi nikazimimina sahanini, nikaweka na kikombe cha kahawa pembeni, nikampelekea chumbani kwake. Akaziangalia, akaniangalia mimi, kisha akasema, "Ahsante, baba. Weka hapo. Nitakula."

Nikaweka. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake nimwone anavyofurahi. Mpaka alasiri hakuigusa hata moja. Mke wangu aliporudi kutoka skuli anakosomesha, aliokota njugu moja akaigonga kwenye ukingo wa meza, ikalia kama kokoto, akaniuliza nilitaka kumlisha mama yake au kumjengea ukuta.

Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa ameushika mkono wa mama yake, na bangili ya dhahabu ambayo mwaka jana haikutoka bila ya sabuni, sasa ilikuwa ikiteleza yenyewe mpaka kwenye kiwiko.

Hapo ndipo ilipo khabari yote. Mama mkwe wangu alikuwa anakonda. Hana sukari, hana homa, na vipimo vyake daktari wa kituo cha afya alivisifu mbele yangu, mimi ambaye vyangu huwa havisifiwi. Alikuwa hali tu. Asubuhi, kabla mke wangu hajaondoka, anakunywa uji wake. Usiku anapata vijiko viwili vitatu vya supu, yeye amechoka na mke wangu amechoka, wote wawili wanasinzia juu ya bakuli. Siku mke wangu asizokwenda kazini anakula vizuri kidogo, nami nikasema hayo ni mapenzi ya mama na mwanawe. Lakini siku nyengine zote, mchana kutwa, hakuna kitu. Daktari akasema mtu mzima kama huyu akishindwa kula kingi, basi ale kidogo chenye mafuta: lozi, korosho, vitu vya namna hiyo, visagwe ikiwa meno hayawezi. Akasema pia kwamba akirudi tena na uzito umezidi kushuka, watamlaza na kumpitishia mpira wa kulishia puani. Mke wangu katika maneno yote hayo alisikia la mpira tu. Tangu siku ile kila akipita mbele ya chumba cha mama yake alikuwa anajishika pua bila kujijua.

Na mchana ulikuwa wangu mimi. Zamani mama alikuwa akila chakula cha mchana jikoni na dada wa kazi, wamefunga mlango, wanacheka mambo yao. Mkataba wa dada ukaisha akarudi kwao, na wakati huo huo mimi nikastaafu mapema. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya serikali kule Al Khuwair. Elimu yangu ni ya sekondari, na cheo changu kilikuwa ni kumwambia mkubwa kwamba mtu anayemtafuta hayupo. Umri wangu nimeuacha kwenye barabara kuu: asubuhi naangalia mkia wa gari la mbele, mchana naangalia mkia wa gari la mbele. Siku ya mwisho nilipofika nyumbani Bawshar nikazima gari, nikakaa humo ndani kidogo na mikono kwenye usukani, nikaapa kwamba sitoki tena ila kwa Ijumaa na kwa mazishi. Kuna watu wakistaafu wanakwenda Umra, wengine wanafungua duka. Mimi nilihamisha kiti kutoka dirishani nikakiweka penye kiyoyozi.

Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu asihangaike kutafuta msaidizi mwengine, mchana wa mama nitausimamia mimi, watu walinisifu bure. Sikuwa najitolea. Nilikuwa nimepata sababu ya kutotoka.

Mtu aliyelijua hilo mapema ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bibi mjane, mtu wa bara kama mama mkwe wangu. Wote wawili wamezaliwa Tabora kwenye familia za Kiomani, wakaja huku wakiwa watu wazima. Ulimi wake hauna kifuniko. Huniita mwali, kama binti aliyewekwa ndani akisubiri harusi yake. Akinikuta mlangoni napokea madumu ya maji ya kunywa, ananiuliza, mwali, nani amekuruhusu kutoka na jua hili? Nikimwambia hujambo, mama, ananijibu yeye hajambo, sijui mimi, hina imekolea? Mbele ya wenye gari la maji. Nami kwa kuwa ni rika la mama mkwe wangu namjibu kwa adabu, halafu narudi ndani, na huko kurudi ndani ndiko kunakompa haki.

Lakini wakati ninaousimulia alikuwa Sohar kwa binti yake aliyejifungua. Nilikaa kwa raha, sina wa kuniita mwali. Ningejua, ningemfuata kwa miguu.

Baada ya aibu ya njugu mawe nikaamua kufanya kazi hii kwa akili. Maduka ya hapa huviuza vitu hivi vyote pamoja, kwenye masanduku ya vioo, na Waarabu wamevipa jina moja, mukassarati, yaani vilivyovunjwa. Unasema mukassarati, muuzaji anachota, anapima, amekwisha. Sisi kwa Kiswahili hatuna jina hilo moja. Tunalo ganda, tunayo kokwa, tunacho kiini, lakini hivyo ni vya tunda lolote, hata embe inavyo. Ukitaka kutafuna lazima ukitaje kitu kwa jina lake: lozi, korosho, jozi, kungu. Nilisimama mbele ya vile vioo, nimechoka na safari ya dakika kumi, nikawaza kwamba Waarabu wamenionea huruma zaidi kuliko wazee wangu. Mtu asiyejua mama mkwe wake anapenda nini angeweza angalau kusema nipe vilivyovunjwa.

Na majina yenyewe nyumbani kwetu ni vita vya siku nyingi. Mimi nasema njugu, mke wangu anasema karanga. Kwake yeye njugu ni zile za mawe tu, na mtu anayeziita karanga njugu hakulelewa. Kwangu mimi karanga ni neno la kwenye redio. Akinituma karanga nikamwambia sizijui, ananiambia basi lete hizo hizo usizozijua. Mama yake tulipokuwa tukibishana alikuwa anapita katikati yetu, anasema "zile za maganda", akifunika mdomo kwa ncha ya kanga kama anavyofanya siku zote anapozungumza na mimi. Nilidhani ni kwa ajili ya meno.

Nikaanza na lozi. Niliziroweka tangu jioni, asubuhi nikazimenya moja moja, ngozi inavuka kama soksi. Nusu nikazisaga na maziwa, nusu nikaziacha nzima ili apate kuziona. Nikakaa mbele yake. Nikala na mimi, tena kwa kutafuna kwa sauti, ili nimtamanishe, kama unavyomfanyia mtoto aliyesusa. Weka hapo, baba, nitakula. Nikamwambia hapana haraka, mama, nipo. Maziwa yakafanya utando juu, sisi wawili tunauangalia.

Nikaleta korosho. Hizo nikazitilia na hadithi: kwetu Unguja tulivyokuwa tukizichoma uani, mafuta ya ganda yanavyoruka, na kovu langu hili hapa kwenye mkono, mama, angalia. Aliliangalia kovu. Mama mkwe wangu ni msikilizaji mzuri kuliko wote niliowahi kuwachosha. Alishika korosho moja kati ya vidole viwili muda wote niliokuwa nasema, akaigeuza na kuigeuza, kisha akairudisha na wenzake taratibu kama anayeirudishia kuku yai lake. Nikaleta jozi, ambazo kiini chake kimekunjamana kama ubongo wa kitu kidogo. Nikaleta mbegu za maboga. Nilifika mahali pa kuchemsha chakula changu cha mchana mapema ili nile naye chumbani, nisije nikamwacha akajiona mpweke.

Ndipo akafa mwenzangu mmoja wa ofisini, Mungu amrehemu. Nilikuwa nimekwisha mwaga fustuki sahanini, zile ambazo ganda limeachama lenyewe kama mtu aliyetaka kusema neno akalisahau. Nikaiweka sahani mbele ya mama, na kinu kidogo cha iliki pembeni kwa ajili ya meno yake, nikakimbilia mazishini. Niliporudi baada ya alasiri sikuamini. Sahani ilikuwa imejaa maganda matupu, yamekusanywa upande mmoja kwa adabu, na mama amelala usingizi wa mtu aliyeshiba. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, vumbi la makaburini bado kwenye kanzu. Nikampigia mke wangu simu nikamwambia nimegundua: mama yako ni mtu wa fustuki.

Nikanunua fustuki za kutosha harusi. Siku ya pili akasema weka hapo, baba. Siku ya tatu hivyo hivyo. Nilibadilisha za chumvi nikaleta zisizo na chumvi, nikabadilisha duka, nikabadilisha sahani. Hakuna. Mpaka likatokea tena jambo la kunitoa, azaa, yaani matanga, ya jamaa yetu mmoja, nikamwachia kile kinu na korosho zile zile alizozikataa mwanzo, na niliporudi hakukuwa na korosho. Nilikaa nikaifikiri hesabu hii mpaka kichwa kikaniuma. Mungu anisamehe, jibu nililolipata ni kwamba mama mkwe wangu hula watu wakifa. Nilimwambia mke wangu, kwa mzaha. Alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi. Aliweka kalamu chini, akasema bangili imeanguka leo asubuhi, imetoka yenyewe mama akinawa, na kwamba tukibakisha mzaha huu kwa siku nyengine atashukuru.

Sikuupenda usingizi wangu wa siku ile.

Asubuhi nikatoka uani. Mti wa mkungu wa jirani, ambao Waarabu wa hapa huuita bidhamu, umeuegemea ukuta wetu, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa Sohar hakuna aliyefagia. Kungu zilikuwa zimekaukia chini kote, mpaka juu ya gari langu. Nikakumbuka kwamba kungu zipo Unguja na zipo bara, haziingii kwenye ugomvi wa njugu na karanga, na kwamba hakuna aliyekuwa mtoto kule asiyewahi kukaa chini akazipasua. Nikaokota ndoo. Nikatafuta jiwe bapa la kulazia na jiwe la mkono la kupigia, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, mtu mzima na mvi zangu.

Kazi yake imesahauliwa na mikono yangu. Kokwa ya kungu lazima uisimamishe kwenye mshono wake, uipige pigo moja la kujiamini. Ukiogopa inaruka, ukizidisha unapata unga. Niliogopa, kisha nikazidisha, kisha nikapiga kidole gumba, na sitayaandika niliyoyasema. Ndani kuna kiini chembamba, kimejiviringa kama mkeka uliokunjwa na mtu anayehama, na ukikikosea kinavunjika. Vilivyovunjika ni vya mpasuaji, ndiyo sheria tangu utotoni, kwa hiyo nilikula sana. Jua lilipokuwa limenifikia miguuni nilikuwa nimejaza kikombe kimoja cha kahawa, vyote vizima. Kikombe kile kidogo kisicho na mkono.

Nikampelekea. Nikakaa. Mama alikichukua kiini kimoja akakinusa, na uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza niliona anakitaka kitu. Mkono ulipanda mpaka karibu na kidevu. Kisha macho yake yakaja kwangu, yakateremka kwenye kidole changu kilichofungwa kitambaa, na mkono ukarudi chini.

"Pole, baba," akasema.

Nilikuwa nimechoka. Nilichoka mgongo na nilichoka moyo, na miadi ya daktari ilikuwa keshokutwa yake. Karibu niseme neno baya. Badala yake nikamuuliza anataka nimfanyie nini. Aliuangalia mlango, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Wewe huchoki, baba? Huendi kupumzika?"

"Sichoki, mama," nikamwambia. "Mimi nipo hapa hapa."

Akafumba macho.

Siku iliyofuata jirani akarudi kutoka Sohar. Alipitia mlango wa jikoni na kikapu cha ndimu, akanikuta nimeegemea sinki, akaniuliza kama mwali nimejikata nikijifunza kupika. Sikuwa na nguvu ya kucheka. Nilimvutia kigoda, nikamweleza yote kuanzia njugu mawe: lozi zenye utando, korosho zenye hadithi, fustuki za mazishini, kungu zake nilizookota bila ya ruhusa. Nikamweleza bangili. Nikamweleza mpira wa puani, na kwamba mke wangu amekwisha tia nguo za mama kwenye mkoba wa hospitali na kuuweka nyuma ya mlango, anadhani sijauona. Alinisikiliza bila kunikata, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho aliniuliza swali moja.

"Na wewe, anapokula, unakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti changu. Kilikuwa kinaonekana kupitia mlango wa chumba, kimeelekezwa kitandani.

"Mbele yake?"

"Simwachi hata kidogo," nikasema, na Mungu anajua nilisema kwa fahari.

Jirani aliinuka. Alikichukua kile kikombe cha kungu, akapakua wali na mchuzi wa samaki niliokuwa nimeupika, akaingia chumbani, akakisukuma kiti changu nje kwa mguu, akafunga mlango.

Nilibaki ukumbini, mimi na kiti. Kisha nikasikia sauti mbili za kizee zinazungumza kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Kisha sahani ikakwanguliwa. Kisha kicheko, na kile kicheko sikuwa nimekisikia tangu dada wa kazi alipoondoka. Nilikaa kwenye kiti kile pale pale nje ya mlango, kama watu waliokuwa wakija ofisini kwetu na mimi nikiwaambia mkubwa hayupo.

Alipotoka, sahani ilikuwa haina punje. Kikombe kilikuwa kitupu. Nikamuuliza amempa dawa gani. Akanieleza, polepole, bila ya mzaha, kwamba huko walikokulia wao mama hali mbele ya mume wa binti yake. Hatafuni, hafungui mdomo, hata awe na njaa ya namna gani. Kwake ni sawa na kuvuliwa nguo. Wala hakuna anayefundishwa hayo, mtu huyajua kama anavyojua kuvua viatu mlangoni. Nikajitetea. Nikasema kwetu Unguja mama yangu alikuwa akila na wakwe zake sinia moja, na kichwa cha samaki akiwanyang'anya. Akasema huyo ni mama yangu mimi, na aliyemo chumbani si yeye.

Nikampigia mke wangu skuli. Nikamsimulia aliyosema jirani. Akauliza, "Yaani ulikuwa unakaa?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye siku zote hizo alidhani naweka sahani nikatoka, kama watu. Alikuwa anacheka, halafu akawa hacheki, nikamsikia anatafuta kitambaa.

Miaka yote tangu tuoane sijawahi kumwona mama mkwe wangu akitafuna. Nilikuwa nalijua hilo, wala sikulijua. Na mwanamke aliyeniuliza huchoki, baba, nilimjibu nipo hapa hapa.

Nikakata simu. Jirani alikuwa anavaa viatu vyake kwenye mlango wa jikoni, na nyuma yake nje palikuwa peupe kwa jua, hapaangaliki. Nilikuwa nimeshika kiti mkononi, sijui nikipeleke wapi. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nakiri ilikuwa ya kulalamika, sasa mimi kila mchana niende wapi, maana mimi si mtu wa kutoka.

"Popote, mwali," akasema. "Huyo mama hana maradhi, ana njaa, na kila akitaka kutia kitu mdomoni anakukuta wewe umekaa."